Kuandaa kipindi cha asubuhi cha hoja za jiji kwenye redio, Dar es Salaam: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mtangazaji au prodyuza aliyekabidhiwa muda wa saa 12 hadi saa 3 asubuhi na kuambiwa ajadili habari za jiji. Nachukulia kwamba leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ipo, studio ipo, fundi mitambo yupo. Kinachotafutwa ni kipindi chenyewe.

Msimamo wangu nauweka mapema kwa sababu hatua zote zinazofuata zimesimama juu yake. Kipindi cha hoja za jamii kina maana pale kinapouliza swali ambalo yupo mtu mwenye wajibu wa kulijibu, kisha kikamfuata mtu huyo mpaka ajibu. Kuwafungulia watu simu walalamike tu, bila swali lenye mwenyewe, ni kuwachosha watu ambao wameamka alfajiri na tayari wamechoshwa na foleni. Wanastahili zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Jua nani anakusikiliza, na yuko wapi saa hiyo

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, uliogawanyika wilaya 5: Kinondoni, Ilala, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Huwezi kuzungumza na hao wote kwa wakati mmoja, na huna haja ya kujaribu.

Saa 12 hadi saa 1 unasikilizwa na waliokwisha kufika kazini au walioko njiani: mama lishe aliyebandika chai, dereva bodaboda kijiweni, mlinzi anayemaliza zamu, abiria wa daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu, Gongo la Mboto au Bunju. Saa 1 hadi saa 2 na nusu barabara zinajaa, na wenye magari wanakusikiliza wakiwa wamesimama Morogoro Road au Kilwa Road. Baada ya hapo unabaki na wenye maduka waliokwisha kufungua, mafundi na walioko nyumbani.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Msikilizaji wa daladala hakusikilizi kwa saa 3. Anapanda, anakusikia kwa nusu saa, anashuka Kariakoo na kukuacha. Kwa hiyo kila baada ya dakika 10 hivi rudia mnazungumza nini, mgeni ni nani, na swali ni lipi. Sentensi 2 zinatosha. Anayekusikiliza tangu mwanzo hatachoka, na aliyepanda sasa hivi atajua kinachoendelea.

Hatua ya 2: Tengeneza kalenda ya mada kabla hujahangaika na mada ya kesho

Prodyuza anayeanza kutafuta mada saa 3 usiku ataishia kwenye kile kilichovuma mtandaoni jioni hiyo. Mara nyingine ndicho kinachostahili, lakini mara nyingi sicho. Sehemu kubwa ya habari zinazogusa maisha ya jiji zina tarehe zinazojulikana, na unaweza kuzipanga miezi kabla.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Siku hiyo na inayofuata, mada ya nauli na gharama za usafirishaji inajileta yenyewe. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutoa takwimu za mfumuko wa bei kila mwezi. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti husomwa Dodoma mwezi Juni. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, hufikishwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuingia bungeni Aprili. Ndani yake mna mambo ya halmashauri za Dar es Salaam ambayo watu wengi hawayasikii kwa sababu vyombo vinakimbilia kurasa za wizara na mashirika makubwa. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na mamlaka ya hali ya hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa mvua kabla msimu haujaanza. Mjadala wa mitaro ya Msimbazi na Jangwani una faida mwezi Februari, wakati bado ipo nafasi ya kuisafisha. Ukiufanya Aprili, maji yakiwa yameshaingia ndani, umebaki na pole.

Chanzo cha pili ni mitaa. Kila mwandishi wa kipindi awe na maeneo yake, mathalani mmoja Temeke na Kigamboni, mwingine Ubungo na Kinondoni, na awe na namba za wenyeviti wa serikali za mitaa, viongozi wa masoko, makatibu wa vituo vya daladala na wakuu wa shule. Awapigie hata siku asiyo na shida nao. Mtu unayempigia siku ya moto tu hatakupa habari kabla ya moto.

Hatua ya 3: Igeuze mada iwe swali lenye mwenyewe

Hapa ndipo vipindi vingi vinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

“Tatizo la maji Dar es Salaam” ni mada pana isiyo na mtu wa kuijibu. “Kwa nini Kimara haijapata maji tangu Jumapili, na yatarudi lini?” ni swali. Lina eneo, lina muda, na lina ofisi. Nitatumia mfano huu wa Kimara mpaka mwisho. Ni wa kufikirika, lakini mkazi yeyote wa jiji ataelewa.

Kabla swali halijaingia kwenye ratiba, jibu kwanza: hili liko chini ya nani? Mtangazaji asiyejua mgawanyo wa madaraka atamkaba diwani kwa jambo ambalo hana uwezo nalo, na diwani atatoka salama kwa sababu kweli si lake. Bandika haya ukutani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya na mitaa, zile za vumbi na makorongo zinazolalamikiwa kila mvua ikinyesha, ni za TARURA. Maji na majitaka ni DAWASA, ila bei ya maji inaidhinishwa na EWURA. Nauli na leseni za daladala ni LATRA. Mabasi yaendayo haraka yanasimamiwa na DART. Taka, masoko, vibali vya ujenzi, zahanati na shule za umma ziko kwa halmashauri. Kivuko cha Magogoni hadi Kigamboni ni cha TEMESA.

Tofautisha pia watu. Mwenyekiti wa mtaa na diwani wamechaguliwa. Mtendaji wa mtaa na mkurugenzi ni waajiriwa, ingawa mkurugenzi naye huteuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wameteuliwa na Rais. Aliyechaguliwa unamuuliza ameahidi nini na amesimamia nini. Mwajiriwa unamuuliza ametekeleza nini na kwa fedha kiasi gani. Maswali hayo yakibadilishana mahali, kipindi kimekwama.

Na kumbuka kwamba halmashauri iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo yenye hadhi ya Jiji la Dar es Salaam tangu mwaka 2021. Ukisema “mkurugenzi wa jiji” ukimaanisha mkoa mzima, unamchanganya msikilizaji wa Temeke.

Hatua ya 4: Fanya hesabu kabla mgeni hajafika

Tarakimu moja iliyopikwa vizuri inafanya kazi kuliko dakika 20 za malalamiko. Turudi Kimara. Yuniti 1 ya maji kwenye bili ni lita 1,000. Dumu ni lita 20. Kwa hiyo yuniti 1 ni madumu 50. Mwandishi akikuta dumu linauzwa shilingi 500, mkazi huyo ananunua yuniti kwa shilingi 25,000. Chukua bili ya mwezi uliopita, angalia bei ya yuniti iliyoandikwa, weka namba hizo 2 pamoja. Familia inayotumia madumu 6 kwa siku inalipa shilingi 3,000, yaani 90,000 kwa siku 30. Hilo msikilizaji ataligeuza mwenyewe kuwa kodi ya chumba au ada ya mtoto, huna haja ya kumsaidia kukasirika.

Kisha tafuta upande wa pili wa hesabu, kwa haki. Mitambo ya Ruvu Chini imejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Jumla ni milioni 466. Igawanye kwa wakazi wa mkoa wa sensa ya 2022, unapata karibu lita 87 kwa mtu, kabla hujaondoa viwanda, hoteli, maji yanayovuja njiani na wateja wa Kibaha na Bagamoyo wanaohudumiwa na DAWASA hiyohiyo. Mitambo yote miwili inategemea Mto Ruvu. Oktoba 2022 mto huo ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgawo. Ukiyajua haya, mgeni akisema “uzalishaji hautoshi” utajua ni kweli kiasi gani, na utamuuliza kinachofuata: kidogo kilichopo kinagawanywa kwa utaratibu gani, na ratiba hiyo mkazi wa Kimara anaipata wapi?

Takwimu zichukuliwe kwenye nyaraka za taasisi yenyewe, na chanzo kitajwe hewani. Ukihitaji takwimu ambazo ofisi haijazichapisha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuziomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Siku 30 ni nyingi kwa habari ya kesho, lakini kwa mtu mwenye kalenda ya mada hazina shida. Tuma barua, weka nakala yenye muhuri wa mapokezi, hesabu siku.

Hatua ya 5: Rekodi sauti za mtaani

Sauti za mtaani zirekodiwe jana yake, mchana au jioni, mahali penyewe. Simu ya kawaida inatosha. Iweke umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni kwa anayeongea, upepo ukiwa mgongoni kwako, na usogee mbali na jenereta na spika za duka. Kabla hujaanza kuhoji, rekodi dakika 1 ya mazingira peke yake. Pale Kimara itakuwa milio ya madumu matupu yakigongana kwenye toroli, injini ya boza, mtoto akiitwa. Ukiipitisha chini ya maelezo yako ya ufunguzi, msikilizaji yuko Kimara kabla hujataja Kimara.

Swali la mtaani lisijibiwe kwa ndiyo au hapana. Usiulize “mnapata shida ya maji?” Uliza “leo asubuhi maji ya kuoga umeyapata wapi, na kwa shilingi ngapi?” Utapata habari. Ukimkuta mtu mzima, anza na shikamoo, jitambulishe na redio yako, eleza sauti itatumika wapi, ndipo uwashe. Kuna watu wanaoomba jina lisitajwe, hasa wapangaji wanaoogopa mwenye nyumba na wafanyabiashara wanaoogopa mgambo. Heshimu ombi hilo mpaka mwisho, hata mhariri akikubana.

Watu 3 au 4, kila mmoja sekunde 15 hadi 20, wanatosha. Wachanganye: aliyeathirika, anayeuza maji, na yule ambaye kwake yanatoka. Huyo wa mwisho mara nyingi ndiye anayeonyesha kwamba tatizo ni bomba fulani, na mto umesingiziwa.

Hatua ya 6: Pata mgeni sahihi, na mpango wa asipofika

Mgeni wa kwanza ni mwenye wajibu. Mgeni wa pili ni mwenye ujuzi: mhandisi, mwanasheria, mhadhiri. Wa tatu, akipatikana, ni mwakilishi wa wanaoumia. Wageni 3 studio ndio mwisho. Wakizidi hapo kila mmoja anapata dakika chache na hakuna anayefika mwisho wa hoja yake.

Ofisi ya umma ipelekewe mwaliko kwa barua au barua pepe, kupitia kitengo cha mawasiliano, siku 2 au 3 kabla, ukitaja mada, saa, na maeneo ya maswali. Maswali yenyewe kwa maandishi neno kwa neno usiyatoe. Afisa akiwa na orodha kamili atakuja na karatasi ya kusoma. Ila mada usimfiche, maana kumvizia mgeni kunakupa dakika 5 za msisimko na kufunga mlango wa ofisi hiyo mwaka mzima.

Ofisi ikikataa au ikinyamaza, andika ulipiga lini na ulizungumza na nani kwa cheo. Hewani sema kwa utulivu: “Tuliwatafuta Jumanne na Jumatano, hawajatupa majibu, laini iko wazi wakati wowote kipindi hiki kikiendelea.” Usiongeze kejeli. Wakipiga katikati ya kipindi, wapokee mara moja hata kama itabidi upangue ratiba.

Mgeni anayetoka Goba au Chanika kuja Mikocheni kwa ajili ya saa 1 na nusu anahitaji kuondoka kabla ya saa 12. Mwambie hivyo bila kuona haya, mpigie saa 11 na nusu, na uhakikishe namba yake ya simu imejaribiwa jana. Akikwama njiani, atajibu kwa simu. Kwa hali yoyote, prodyuza awe na mtu mmoja wa akiba aliyekubali tangu jana kupigiwa.

Jambo la fedha nalisema waziwazi. Mgeni asilipe ili ahojiwe, na mwandishi asipokee bahasha ya “nauli” kutoka ofisi anayoiripoti. Mdhamini wa kipindi akiguswa na mada ya siku, msikilizaji aambiwe kwamba huyo ni mdhamini, kisha maswali yaulizwe kama angeulizwa mwingine yeyote. Meneja wa matangazo ya biashara atalalamika. Mazungumzo hayo yafanywe mapema, kwa maandishi, siku mkataba wa udhamini unaposainiwa, yasisubiri asubuhi ya kipindi.

Hatua ya 7: Ratiba ya kipindi

Kwa saa 3, mimi ningepanga hivi:

12:00 – Ufunguzi, hali ya hewa, hali ya barabara, tangazo la swali la leo.
12:15 – Vichwa vya magazeti.
12:40 – Habari fupi 3 za mitaa, kutoka kwa waandishi wa maeneo.
1:00 – Taarifa ya habari.
1:10 – Mada kuu: maelezo, sauti za mtaani, mgeni wa kwanza.
1:40 – Mgeni wa pili anajibu na kuhoji yaliyosemwa.
2:00 – Simu na meseji za wasikilizaji.
2:30 – Mwenye wajibu anajibu wasikilizaji, ahadi na tarehe.
2:45 – Ufuatiliaji wa ahadi za wiki zilizopita.
2:55 – Kufunga.

Mwenye wajibu awepo tangu saa 1 na dakika 10 mpaka mwisho. Akiondoka kabla ya simu, wasikilizaji watakuwa wanaongea na kiti.

Kuhusu magazeti, soma kichwa cha habari, taja gazeti, nenda kwenye kingine. Magazeti ni mali ya walioyaandika, na anayesoma habari nzima hewani anamnyang'anya mwenzake mnunuzi. Gazeti likiwa na habari inayogusa mada yenu, mpigie mwandishi wake aieleze mwenyewe.

Hatua ya 8: Fungua kwa maneno yaliyoandikwa

Dakika ya kwanza ya mada isiachwe kwa kipaji. Iandike. Kwa mfano wetu:

“Ni saa 1 na dakika 10. Kimara, dumu la maji leo asubuhi ni shilingi 500. Mabomba yamekauka tangu Jumapili. Tunataka kujua mambo mawili: nini kimeharibika, na maji yanarudi siku gani. Meneja wa eneo yuko nasi hapa studio. Lakini kwanza, wasikie wakazi.”

Sentensi fupi, hakuna “kama tunavyofahamu”, hakuna historia ya maji duniani. Isome kwa sauti mara 2 kabla ya kuingia hewani. Mahali ulimi unapojikwaa, andika upya.

Hatua ya 9: Kuhoji

Swali moja kwa mara moja. Ukiunganisha matatu, mgeni atajibu lile jepesi na wewe utakuwa umesahau mengine.

Viongozi wetu wana maneno ya kujikinga yanayojulikana: mchakato unaendelea, tupo mbioni, tunalifanyia kazi, changamoto zipo. Hayo ni mahali pa kuanzia. Usibishane nayo wala usiyakubali. Yaombe tarehe, kiasi na jina la ofisi.

“Mchakato wa kupata pampu unaendelea, ndugu mtangazaji.”
“Nashukuru. Umefikia hatua gani leo?”
“Tumeshaagiza.”
“Imeagizwa tarehe ngapi, na inategemewa kufika lini?”
“Kama mambo yataenda vizuri, ndani ya wiki 2.”
“Wiki 2 kuanzia leo ni Alhamisi ya tarehe 20. Tuandike tarehe 20?”
“Andika.”
“Na mpaka hiyo tarehe 20, mkazi wa Kimara atapata maji kwa njia gani?”

Sauti haijapanda, adabu haijavunjwa, na ahadi imepatikana. Watu wa pwani wanathamini sana upole wa mazungumzo. Mtangazaji anayefoka anamfanya mgeni aonewe huruma hata pale ambapo mgeni ndiye mwenye kosa. Mheshimiwa umwite mheshimiwa mara ya kwanza, baadaye mtaje kwa cheo. Mzee akiwa mgeni, shikamoo ipite kabla ya maikrofoni kuwashwa au mwanzoni hewani. Heshima hiyo haipunguzi uzito wa swali linalofuata.

Mgeni akisema jambo usilolielewa, mwambie alieleze upya. Usipolielewa wewe uliyesoma jana yake, aliye kwenye daladala hajaelewa kabisa.

Hatua ya 10: Simu na meseji

Anayepokea simu nje ya studio ndiye mlinzi wa kipindi. Kabla ya kumpitisha mtu, anauliza mambo 4: unaitwa nani, uko wapi, unataka kusema nini, na hilo umeliona mwenyewe au umeambiwa? Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. “Nimeona” inaingia hewani. “Nasikia” inakwenda kwa mwandishi aifuatilie kwanza. Kisha anamwomba apunguze sauti ya redio yake, asogee penye mtandao mzuri, na aepuke matusi na majina ya watu mpaka simu ikatike.

Kituo kiwe na kifaa cha kuchelewesha sauti sekunde chache, na kidole cha fundi kiwe karibu na kitufe. Mpigaji akianza kumtaja mtu kwa wizi au uchawi, mkate mara moja na useme: “Hilo hatuna ushahidi nalo na hatulithibitishi. Tuendelee na swali letu la maji.” Usilirudie hata kwa kulikanusha kwa urefu.

Sauti za WhatsApp zisikilizwe zote mpaka mwisho kabla ya kurushwa. Watu huanza vizuri na kumalizia na jina la jirani. Kwenye meseji chagua zinazoongeza kitu: mkazi wa Mbezi anayesema kwake yalirudi jana usiku ana thamani kuliko meseji 10 za “hata huku hali ni hiyohiyo”. Angalia pia kama wanaopiga ni walewale kila siku, na wote wanaume; fungua laini moja kwa wanaopiga kwa mara ya kwanza, na zile dakika za baada ya saa 2 zitangaze mapema ili wanawake walioko nyumbani au sokoni wajipange.

Mtoto akipiga simu, au mtu akipiga kueleza unyanyasaji wa mtoto, hiyo si simu ya hewani. Mpokeaji azungumze naye pembeni na kumwelekeza kwenye namba ya msaada kwa watoto, 116, au dawati la jinsia polisi. Simu ya moto ielekezwe 114 kabla haijawa habari.

Hatua ya 11: Mipaka ya sheria

Mtangazaji wa habari anatakiwa kuwa amezisoma mwenyewe, asisimuliwe: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na marekebisho yake, kanuni za maudhui ya redio na televisheni zinazosimamiwa na TCRA, Sheria ya Mtoto ya 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kamati ya Maudhui ya TCRA imewahi kuita vituo, kuvitoza faini na kuvisimamisha, na kwa kawaida kisa huwa kimeanzia kwenye sentensi moja iliyosemwa bila kujiandaa.

Kwa kazi ya kila siku, chunga haya zaidi. Tuhuma dhidi ya mtu anayetambulika isirushwe kabla hajapewa nafasi ya kujibu. Kesi iliyoko mahakamani elezeni kilichosemwa mahakamani, msiiamue ninyi. Mtoto au mwathirika wa ukatili asitambulike kwa jina, sauti, shule wala mtaa. Namba ya simu ya msikilizaji usimpe afisa wa ofisi aliyelalamikiwa mpaka mwenye namba akubali. Wakati wa uchaguzi, pima muda wa kila chama kwa saa, weka kumbukumbu.

Rekodi ya kila kipindi ihifadhiwe kamili, jina la faili likianza na tarehe. Siku ukiulizwa mlisema nini, hiyo ndiyo shahidi wako pekee.

Hatua ya 12: Baada ya saa 3

Wengi hutoka studio wakaenda kunywa chai. Chai ipo, lakini dakika 20 za kwanza baada ya kipindi ni za daftari la ahadi. Safu 5: tarehe, nani kwa cheo, ameahidi nini, mpaka lini, kilichotokea. Ahadi ya pampu ya Kimara inaandikwa hapo, na tarehe 20 inawekwa kwenye kalenda ya kipindi.

Tarehe 19 mpigie aliyeahidi. Tarehe 20 mpigie mwenyekiti wa mtaa na wakazi wale mliowarekodi, kabla hujaipigia ofisi. Maji yakiwa yametoka, litangazeni kwa uzito uleule mliolalamikia, na mtaje ofisi kwa sifa yake. Ofisi zikijua kwamba mema yao pia yanasemwa, zinapokea simu yenu haraka. Maji yakiwa hayajatoka, mwite tena mgeni yuleyule, umrushie sauti yake mwenyewe akisema “andika”, kisha uliza swali moja: kimekwama wapi?

Mlichokosea mkirekebishe. Mkitaja tarakimu isiyo sahihi saa 1 na robo, masahihisho yasomwe kesho yake saa 1 na robo, kwa maneno wazi: jana tulisema hivi, sahihi ni hivi. Kuyasoma saa 2 na dakika 58 ni kumsahihishia mtu mwingine, kwa sababu aliyesikia kosa alikuwa kwenye daladala na saa hizo ameshashuka.